Kurekebisha kabureta ya pikipiki kwa daino: jeti kubwa kwanza, sailensa mwisho

Karatasi inayotoka kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu, gurudumu la nyuma likizungusha rola) huwa na mistari miwili ambayo kila mtu anaikimbilia, nguvu na torki (nguvu ya kuzungusha), na mmoja unaoachwa chini ya ukurasa: uwiano wa hewa na mafuta, yaani uzito wa hewa kwa kila sehemu moja ya petroli. Anayerekebisha kabureta aanze na huo wa tatu. Nguvu farasi ni matokeo. Uwiano ndio unaokuambia ni jeti gani (kijitundu cha shaba kinachopima petroli) ishikwe, na kwa kiasi gani.

Maelezo haya yanahusu injini ya silinda moja ya cc 125 hadi 150, inayopozwa kwa hewa, ya mtindo wa Honda CG, yenye kabureta ambayo slaidi yake (kipande kinachopanda kufungua njia ya hewa) inavutwa na waya wa akseleta (PZ26, PZ27 na ndugu zake). Ndiyo iliyojaa kwenye vijiwe vya bodaboda. Kwa kabureta kubwa zaidi utaratibu ni uleule. Zinabadilika namba tu.

Kabla ya kuipandisha

Daino haitengenezi injini mbovu. Muda mwingi unaopotea juu ya rola huwa umepotezwa na kitu ambacho kingegunduliwa chini kwa dakika kumi.

Pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi. Kwa injini nyingi za CG ni kati ya milimita 0.05 na 0.08, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Weka plagi mpya yenye nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7. Safisha filta ya hewa na uirudishe mahali pake pamoja na kifuniko, kwa sababu kabureta iliyorekebishwa bila kifuniko cha filta itakuwa na mafuta mengi siku kifuniko kikirudi. Hakikisha choki ikizimwa inaachia njia ya hewa kabisa. Mnyororo uwe na ulegevu wake wa kawaida, na upepo wa tairi la nyuma uwe sawa kila unapopima.

Kisha tafuta hewa ya wizi. Injini ikiwa kwenye sailensa (inanguruma polepole, akseleta imefungwa), pulizia kidogo dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka mpira au kipande cha kuungia kilicho kati ya kabureta na injini. Mlio ukibadilika, hapo panavuja. Dawa hiyo inawaka, kwa hiyo usiielekeze kwenye ekzosi wala kwenye waya wa plagi, na kizima moto kiwe karibu. Kupinda kwa kipande hicho kwa kukazwa kupita kiasi ni ugonjwa wa kawaida sana. Kilaze juu ya kioo na uone kama kinakaa sawasawa.

Boya ni la lazima. Kina cha petroli kwenye bakuli kinagusa kila jeti, kuanzia sailensa hadi akseleta ya mwisho. Ukianza kubadilisha jeti halafu baadaye ukashika boya, kazi yote inarudi mwanzo. Pima urefu wa boya kwa kipimo kilichotajwa kwenye kitabu, kabureta ikiwa imeinamishwa ili ulimi wa boya uguse pini ya valvu bila kuikandamiza. Pini yenye mfereji kwenye ncha yake tupa.

Angalia pia koki. Injini ya 125 ikivutwa hadi mwisho hunywa takriban mililita 60 hadi 70 za petroli kwa dakika. Chomoa mpira wa petroli, uelekeze kwenye chupa yenye alama, na uhesabu sekunde 60. Isipofika mililita 150, safisha chujio la koki na tundu la hewa la kifuniko cha tangi kabla ya jambo lingine lolote.

Mwisho, zitazame jeti zenyewe. Jeti iliyochokonolewa kwa waya wa breki haina namba tena, hata kama imeandikwa 100. Na zile zinazouzwa kwa pakiti mitaani mara nyingi namba yake hailingani na tundu. Nunua seti moja kutoka kwa mtengenezaji mmoja, kuanzia 90 hadi 110, na usichanganye.

Namba ya jeti ina maana gani

Kwenye jeti za Keihin namba ni kipenyo cha tundu kwa sehemu ya mia ya milimita: 100 ni milimita 1.00. Mafuta yanayopita yanafuata eneo la tundu, kwa hiyo kutoka 105 kushuka hadi 100 hupunguzi asilimia 5. Unapunguza kama asilimia 9. Jeti kubwa za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita zinahesabiwa kwa mtiririko, si kwa kipenyo, na hapo asilimia 5 ya namba ni takriban asilimia 5 ya mafuta. Kuchukua namba ya Keihin na kuitafuta kwenye pakiti ya Mikuni ni kosa linaloua pistoni.

Kufunga pikipiki na vipimo

Gurudumu la mbele liwe ndani ya kishikio chake na mikanda miwili ivute kwa pembe sawa kushoto na kulia. Usikaze mpaka tairi libonyee. Pikipiki yenye nguvu farasi kumi inapoteza sehemu inayoonekana ya nguvu hiyo kwenye tairi lililokandamizwa, na ukikaza tofauti kati ya vipimo viwili utadhani ni jeti iliyofanya kazi. Mtu asisimame nyuma ya gurudumu. Moshi utolewe nje kwa bomba na feni, kwani gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu na chumba kilichofungwa kinajaa upesi. Feni nyingine kubwa ielekezwe kwenye mapezi ya injini.

Sensa ya oksijeni iwe ile ya masafa mapana, kama Bosch LSU 4.9. Sensa ya kawaida ya gari inajua tu kama mchanganyiko uko juu au chini ya 14.7, na hilo halikusaidii hapa. Chomelea kwenye bomba la ekzosi nati ya nyuzi za milimita 18, sentimita 30 hadi 60 kutoka kwenye kichwa cha injini, sensa ikiwa imeinama angalau digrii 10 juu ya mlalo ili maji yasiikalie. Iwashe kila injini inapowaka: sensa baridi iliyo ndani ya moshi inaziba masizi. Na gasketi ya ekzosi iwe nzima. Hewa inayoingia pale kwenye kiungo itakuonyesha mchanganyiko mwepesi (wenye mafuta kidogo) usiokuwepo.

Kipimo cha mizunguko kinachobana waya wa plagi kitakudanganya kwenye injini hizi ukikiacha na mpangilio wa kawaida. CG inapiga cheche kila mzunguko wa kranki, hata kwenye kiharusi cha moshi, kwa hiyo injini ya mizunguko 8,000 kwa dakika itasomeka 16,000. Weka mpangilio wa cheche moja kwa kila mzunguko, kisha ulinganishe na kasi ya rola na uwiano wa gia.

Bandika utepe kwenye mkono wa akseleta na mwingine kwenye kizimba chake, uweke alama: imefungwa, moja ya nane, robo, nusu, robo tatu, wazi kabisa. Alama hizi ndizo ramani ya kabureta. Hadi moja ya nane inatawala jeti ndogo pamoja na skrubu yake. Kutoka moja ya nane hadi robo ni mkato wa slaidi (sehemu iliyokatwa chini yake, upande wa filta). Robo hadi robo tatu ni sindano inayoning'inia chini ya slaidi, na tundu lake. Kuanzia robo tatu ni jeti kubwa. Mipaka inaingiliana kidogo. Kinachohesabika ni ufunguzi wa akseleta, si kasi ya injini. Mtu anayesema "inakata kwenye 6,000" bila kusema akseleta ilikuwa wapi bado hajakupa taarifa.

Mivuto ya mwanzo

Injini ipashwe moto hadi oili yake ifike nyuzi 80 hivi. Chagua gia inayokaribia uwiano wa 1:1. Kwenye sanduku la gia tano mara nyingi ni ya nne. Anza kwenye mizunguko 3,000, fungua akseleta yote kwa mkupuo mmoja, acha ifike mwisho wake, funga. Mvuto mzuri unachukua sekunde 8 hadi 15. Rola iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki kubwa itakuwa nzito mno kwa 125, mvuto utarefuka na kichwa kitapata moto kuliko kinavyopata barabarani. Shuka gia moja.

Fanya mivuto mitatu bila kugusa kitu. Wa kwanza utupe. Wa pili na wa tatu ikitofautiana zaidi ya asilimia 1 au 2, daino yako bado haijawa kipimo: tafuta tairi linaloteleza, joto lisilolingana, au klachi inayoponyoka. Bila marudio haya, ongezeko la nguvu farasi 0.1 ni kelele tu, hata likichapwa kwa rangi nyekundu.

Tumia petroli ya dumu moja kwa kazi nzima. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inagonga mapema chini ya mzigo, na hakuna jeti inayotibu hilo.

Jeti kubwa

Hii inakuja kwanza kwa sababu mafuta yote ya sindano yanapita ndani yake. Ukiweka sindano vizuri kisha ukabadilisha jeti kubwa, sindano nayo inahama kidogo.

Akseleta ikiwa wazi kabisa, injini inayopozwa kwa hewa inafurahia uwiano wa 12.5 hadi 13.0. Namba ndogo ni mchanganyiko mzito, wenye mafuta mengi. Kubwa ni mwepesi. Kwenye 13.5 mara nyingi nguvu bado ipo lakini joto la kichwa linapanda, na mzigo wa abiria wawili kwenye mlima utamaliza kazi ambayo daino haikuionyesha. Kwa pikipiki ya biashara lenga 12.7 na uishie hapo.

Kukisia kunaweza kupunguzwa kwa hesabu fupi. Gawa uwiano ulioupata kwa unaoutaka, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha na namba ya jeti iliyopo. Tuseme jeti ni 105 na uwiano ni 11.6, unataka 12.8. 11.6 gawa kwa 12.8 ni 0.906, kipeuo chake cha pili ni 0.952, mara 105 unapata 99.96. Weka 100. Kwa jeti za Mikuni za mtiririko usitafute kipeuo, zidisha moja kwa moja. Mabadiliko halisi huwa madogo kidogo kuliko ya hesabu, maana ncha ya sindano nayo inabana njia.

Tazama umbo la mstari mzima, si wastani wake. Uwiano unaoanza 12.6 kisha ukapanda taratibu hadi 14 mwishoni mwa mvuto hauhitaji jeti kubwa zaidi. Bakuli linakauka: rudi kwenye koki, tundu la tangi na boya. Ukiweka jeti kubwa hapo, mwanzo wa mvuto utazama kwenye mafuta na mwisho utabaki mkavu vilevile. Na ukibadilisha jeti namba mbili au tatu bila mstari kusogea hata kidogo, kuna kitu kingine kinachobana, mara nyingi tundu la sindano au slaidi isiyofika juu kwa sababu waya wa akseleta ni mfupi. Ingiza kidole upande wa filta na uhakikishe slaidi inatoweka yote.

Mtego mwingine: mstari unaopaa ghafla hadi 16 au 17 na injini ikitetemeka. Wengi wanaongeza mafuta. Sensa haioni mafuta, inaona oksijeni. Cheche ikikosa, oksijeni yote ya mpigo huo inatoka bila kuungua na kusomeka kama mchanganyiko mwepesi. Injini iliyozama kwenye mafuta mpaka plagi ikashindwa inaweza kuonekana "kavu" kwenye karatasi. Badilisha plagi na kofia yake kabla ya jeti.

Sindano

Kama daino ina breki, kazi hii ni tamu. Shikilia akseleta kwenye alama ya nusu, weka breki ishike mizunguko 4,000, kisha 5,000, kisha 6,000, sekunde tano kila mahali, na uandike uwiano. Daino ya rola tupu haiwezi kushikilia. Hapo zuia akseleta kwenye nusu kwa kibano na ufanye mvuto kama ule wa mwanzo, kisha kwenye robo.

Kwa nusu ya akseleta tafuta 13.0 hadi 13.8. Kwa robo, ambako dereva wa mjini anaishi siku nzima, 13.5 hadi 14.2 inatosha na inaokoa mafuta. Hapa ndipo mwenye pikipiki anapopata fedha yake, kwa hiyo tumia muda mrefu hapa kuliko kwenye jeti kubwa, hata kama hakuna atakayepiga picha karatasi ya robo ya akseleta.

Klipu inayoshika sindano ikishuka mfereji mmoja, sindano inapanda na mchanganyiko unakuwa mzito. Mfereji mmoja ni karibu milimita moja, na mara nyingi ni hatua kubwa mno. Washa nyembamba ya milimita 0.5 chini ya klipu inakupa nusu hatua. Baadhi ya sindano za kabureta mpya zina mfereji mmoja tu, na hapo washa ndiyo njia pekee.

Kama katikati pote ni pazito na sindano tayari iko chini kabisa, toa tundu la sindano na ulitazame kwenye mwanga. Sindano inatikisika humo maelfu ya kilomita, na tundu la duara linakuwa yai. Badilisha sindano na tundu pamoja. Kushusha jeti kubwa ili kuficha uchakavu huu kunafanya katikati pavumilike na juu paungue.

Mkato wa slaidi hautaubadilisha mara nyingi, kwa kuwa slaidi za namba tofauti ni adimu kwa kabureta hizi. Ikibidi, namba kubwa ya mkato ni mchanganyiko mwepesi kati ya moja ya nane na robo.

Jeti ndogo na sailensa

Kwanza jua skrubu yako ni ya nini. Ikiwa upande wa filta, kabla ya slaidi, ni ya hewa: kuifungua kunapunguza uzito wa mchanganyiko. Ikiwa upande wa injini, ni ya mafuta, na kuifungua kunaongeza uzito. Kuna mafundi wazuri waliohangaika nusu siku kwa kugeuza upande usio sahihi.

Ifunge taratibu hadi iguse, usiikaze, kisha fungua mzunguko mmoja na nusu. Weka sailensa kwenye mizunguko 1,400 ya injini. Geuza skrubu robo kwa robo ukisubiri sekunde kumi kila mara, mpaka mizunguko ya injini ifike juu kabisa, kisha rudisha sailensa 1,400 na urudie. Jibu zuri linaangukia kati ya mzunguko mmoja na miwili na nusu. Nje ya hapo jeti ndogo si ya saizi: skrubu ya mafuta inayotaka mizunguko mitatu inaomba jeti ndogo iliyo kubwa zaidi, na inayotaka kufungwa karibu yote inaomba ya chini yake. Kwa skrubu ya hewa, geuza hukumu hiyo.

Uwiano wa 13.0 hadi 13.8 unafaa hapa, lakini kwenye sailensa sikio liaminiwe kuliko sensa. Mipigo ya silinda moja iko mbalimbali, na hewa ya nje inarudi ndani ya ekzosi fupi. Jaribio la mwisho ni kuvuta akseleta ghafla kutoka mizunguko 3,000: ikikata kama imezimwa kisha ikaruka, ni nyepesi, ikigugumia na kutoa moshi mweusi, ni nzito. Baada ya hapo rudia mvuto mmoja wa akseleta nzima kuthibitisha kwamba jeti kubwa haijahama.

Mwinuko: karatasi inasahihishwa, kabureta haisahihishwi

Programu ya daino huzidisha nguvu iliyopimwa ili ilingane na hewa ya kipimo kilichokubaliwa. SAE J1349, kanuni ya chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, inatumia hewa kavu ya milibari 990 na nyuzi 25. Nairobi, mita 1,800 hivi juu ya bahari, kizidishi hicho kinakaribia 1.26, kwa hiyo pikipiki iliyotoa nguvu farasi 8 kwenye rola itachapwa 10. Fomula haikukusudiwa kuziba pengo kubwa namna hiyo. Linganisha karatasi za daino hiyohiyo tu, na uandike kizidishi pembeni.

Uwiano hauguswi na kizidishi. Hewa ikipungua uzito, kabureta inaendelea kutoa mafuta karibu kama zamani, na mchanganyiko unakuwa mzito. Kwa jeti za kipenyo, kutoka usawa wa bahari hadi Arusha, mita 1,400 hivi, punguza namba kwa takriban asilimia 3.5, hadi Nairobi, kwa asilimia 4 hadi 4.5. Jeti ya 105 iliyo sahihi Mombasa ni 100 Nairobi.

Kupanda na jeti ya pwani kunakula mafuta na kuchafua plagi tu. Kushuka na jeti ya bara ndiko kunakoyeyusha: mchanganyiko uliokuwa 12.8 Nairobi unakaribia 14 ukifika Mombasa, kwenye joto la pwani, akseleta ikiwa wazi njia nzima ya Mariakani. Pikipiki inayosafiri hivyo ibebe jeti ya 105 kwenye mfuko wa spana, pamoja na bisibisi inayoingia vizuri kwenye mfereji wake, maana jeti ya shaba iliyokwaruzwa kichwa haitoki tena bila kutobolewa.